Majivu ya Mama Kwenye Makumbi ya Nazi

Jumamosi, Buhongwa. Mawingu yamekaa upande wa ziwa tangu alfajiri na mvua yenyewe haitaki kushuka. Joto la kunata. Nimechoka, na nalisema hilo mwanzoni kabisa ili nisije nikajifanya mwema huko mbele.

Leo nimemfokea mama yangu mzazi.

Nianze na makumbi, maana ndiyo yaliyoleta yote. Nyumba tunayopanga imekaa juu ya mwamba, kama nyumba nyingi za Mwanza. Ukichimba uani kina cha kiganja tu, jembe linalia kwenye jiwe. Anayetaka kupanda kitu hapa hupanda kwenye ndoo na masufuria yaliyotoboka, na mimi nilipotaka kupanda, muuza mbegu mmoja wa mjini akanishauri nichukue makumbi ya nazi yaliyosagwa na kushindiliwa mpaka yakawa tofali. Wenyewe wanaita kokopiti. Tofali lenyewe ni jepesi, unalibeba kwapani, lakini ukilimwagia maji linaumuka mpaka linajaza beseni zima. Mara ya kwanza nililitazama likiumuka nikacheka peke yangu.

Kilichotakiwa kupandwa ni vanila ya mama.

Mama ni mkulima wa Muleba. Aliletwa kwangu wiki sita zilizopita, baada ya kiharusi kumlegeza mkono wa kushoto. Alishuka kwenye meli na mfuko mmoja wa nguo na marando matano ya vanila, kayafunga kwa majani ya mgomba yaliyolowana, kayapakata safari nzima. Aliyakata mwenyewe kwenye kibanja chake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba yetu, alimoingia akiwa bibi harusi na alimozikwa baba. Alisema haya ni ya kuonja tu. Akipata nafuu na kurudi nyumbani, atanitumia mengine mpaka nikose pa kuyaweka.

Hapo ndipo ilipo siri yangu.

Mwezi uliopita kaka yangu Deo, anayeishi Bukoba mjini, alinipigia simu nikiwa kazini. Mnyauko umeingia kibanjani. Bwana shamba amepita na kusema migomba yote ing'olewe, ikatwekatwe na kufukiwa, ugonjwa usivuke kwa majirani. Vanila ilikuwa inapanda kwenye vijiti katikati ya migomba, na vibarua waliong'oa hawakuwa na muda wa kuchagua. Hakikubaki kitu. Tukakubaliana tusimwambie mama mpaka apate nguvu. Kukubaliana kwa simu ni rahisi. Deo haishi naye. Mimi ndiye ninayeulizwa kila asubuhi, nikishamaliza kumwamkia, kama ndizi za upande wa kisimani zimeegemezwa miti zisianguke. Namjibu zimeegemezwa.

Kwa hiyo yale marando matano, ambayo yeye aliyaona ya kuonja, mimi nilijua ndiyo kibanja chote kilichobaki.

Na nikayaua matatu.

Kazi yangu ni kukagua minofu ya sangara kiwandani. Nasimama kutwa kwenye sakafu ya baridi na mabuti ya mpira, na nikifika nyumbani kila kitu nakifanya ili kiishe. Siku ya kupanda nilimwagia tofali maji, likaumuka, nikajaza ndoo, nikapanda hapohapo. Muuza mbegu alikuwa ameniambia kwamba makumbi hutoka pwani, yana chumvi, lazima yaoshwe na kuoshwa tena. Nilimsikiliza nusunusu. Baada ya wiki mbili majani yakaanza kuungua ncha, kisha mashina yakawa ya kahawia, laini, ukiyagusa yanabonyea. Mama akasema labda ni jua la Mwanza. Nikaliachia jua lawama.

Mawili yaliyobaki niliyang'oa, nikayafunga kwenye kitambaa kibichi kivulini, nikaanza upya. Safari hii nilifanya kwa adabu. Jumatano jioni nililaza tofali jingine kwenye maji ya vuguvugu. Alhamisi nikalifikicha kwa mikono, nikalitia kwenye kiroba, nikamwagia maji na kukamua. Yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Ijumaa nikarudia mara mbili. Bomba letu hutoa maji kwa zamu, kwa hiyo kila ndoo niliyomwaga iliniuma. Leo asubuhi yakatoka karibu meupe. Nikachota konzi moja nikaibana, yakadondoka matone mawili matatu kati ya vidole, na ndivyo inavyotakiwa. Maganda ya mpunga niliyoyafuata Usagara yalikuwa tayari pembeni, pamoja na vipande vya mkaa, vya kuchanganyia ili makumbi yasishikane sana. Nikaenda dukani kutafuta kamba za kufungia. Nusu saa, haizidi.

Niliporudi beseni lilikuwa la kijivu.

Mama alikuwa ameinama juu yake, mkono wa kushoto umening'inia, wa kulia unakoroga. Kando yake kopo tupu la majarini, na jiko la mkaa limekombwa mpaka chini. Alikuwa ametia majivu ya wiki nzima. Kwetu majivu ya jikoni hayatupwi, kila asubuhi yanakwenda kwenye mashina ya migomba, na mama amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Migomba inayapenda. Lakini mimi nilikuwa nimetumia siku tatu kuyatoa makumbi chumvi, na majivu nayo ni chumvi ya namna yake.

Aliinua uso. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu aje.

"Nimeuongezea udongo wako nguvu," akasema. "Umeuosha huu mpaka umekwisha, utalea nini?"

Nikafoka. Nilimwambia hajui. Nilimwambia hapa si kibanjani kwake, kwamba kila ninachokigusa lazima apite nyuma yangu akiharibu, kwamba nimechoka kulea mtu mzima. Maneno hayo ya kulea nimeyaandika, nikayafuta, kisha nikayarudisha, kwa sababu niliyasema kweli.

Hakulia. Alifuta mkono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Basi niwekeeni nafasi kwenye meli," akasema. "Nirudi kwenye kibanja changu. Kule ninajua."

Jibu la uongo nilikuwa nalo: mkono bado, daktari amekataza. Nimelitumia mara nyingi mpaka limechakaa. Leo halikutoka. Nadhani hata kudanganya kunahitaji nguvu, na mimi sikuwa nazo. Nikakaa chini kwenye mwamba, mbele yake, nikamwambia. Mnyauko. Bwana shamba. Migomba ya mbele, ya nyuma, ya kisimani. Nikamwambia ni tangu mwezi uliopita, na kwamba Deo anajua, na kwamba kila asubuhi nilikuwa namdanganya. Nikamwambia na vanila imekwenda. Nikamwambia yale matatu hayakuuawa na jua, niliyaua mimi.

"Mawe," akasema kwa lugha ya kwetu, yaani mama yangu wee, kwa sauti ndogo sana. Kisha akauliza kitu kimoja tu, kama na ile migomba ya kaburini kwa baba waliing'oa.

"Yote, mama."

Nilisubiri anigombeze. Ningeona nafuu kama angenigombeza. Kwa kukosa la kufanya, nikavuta kiroba nikaanza kuyaosha makumbi upya, majivu yakitiririka kwenye jiwe. Nikawa naongea ovyo, eti mawili yapo, majivu yanatoka, tutapanda leo leo, yatashika tu.

Mama akanishika mkono.

"Acha. Kukiwa na msiba hatushiki jembe."

Ni kweli, kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifariki kijijini, majembe yanalala mpaka siku zitimie. Nikamwambia, mama, hili si jembe, ni beseni la makumbi. Sijui kwa nini nilisema upuuzi huo. Aliingia ndani akatoka na mkeka, akautandika barazani kwa mkono mmoja, akajifunga kanga kiunoni kama mfiwa, akaketi na kunyoosha miguu. Kisha akapiga mkeka mara mbili, mahali palipobaki. Nikaenda nikakaa.

Nilitegemea atasema neno juu ya vile nilivyomfokea. Nilimwomba radhi nikiwa nimeangalia chini. Akasema, "Umechoka, mwanangu, nakuona kila siku ukirudi." Hapo ndipo nililia mimi.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma anayeuza mbogamboga, akapita na ndoo yake kichwani. "Shikamoo, mama," akasema, halafu akatuona tulivyokaa. Akatua ndoo.

"Marahaba," mama akamjibu.

"Jamani, kuna nini? Nani katutoka?"

Mama ndiye aliyejibu, akasema, "Nyumbani." Neno moja tu. Jirani hakuuliza zaidi. Alivua kandambili, akasema poleni sana, akajikunja kwenye ukingo wa mkeka, na amekaa mpaka sasa hivi, saa kumi, ninapoandika haya kwenye simu nikiwa nimewapa mgongo kidogo. Mboga zake ziko juani na hajazitazama. Deo nimemtumia ujumbe kwamba mama anajua. Hajajibu.

Nimemuuliza mama tutakaa siku ngapi. Nilikuwa nawaza yale marando mawili, maana hayawezi kuishi kwenye kitambaa milele, na sikuthubutu kuyataja. Amesema siku za mtu anazijua, lakini kibanja hajawahi kukizika, kwa hiyo hajui.

Nimeinuka, nimelowanisha kitambaa upya, nimerudi kukaa.