Simiti Niliyoipaka Kanisani

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mvua, siku ya tatu. Ufa nyuma ya madhabahu umefunguka – leo vidole vinne vimeingia! Ijumaa haukupitisha hata penseli. Boriti mbili za dari zimelegea. Jana tuliabudu darasani kwangu.

Bwana Famau, fundi wa chokaa, alipita baada ya adhuhuri. Babu yake ndiye aliyelijenga kanisa hili, 1912, kwa mawe ya matumbawe. Nyuma ya madhabahu akaweka vidaka, vishubaka vya nakshi ukutani, kama vya chumba cha bibi harusi. Ndivyo alivyojua kujenga. Famau akagonga ukuta uliolowa maji. “Mai hayana ndia ya kutoka, Mwalimu. Simiti imeyafungia ndani.”

2019 alinikataza nisipake.

Nilipaka. Askofu alikuwa anakuja na ukuta ulikuwa unapukutika, niliona aibu. Jengo limehifadhiwa kisheria, kibali sikuwa nacho. Waumini niliwaambia ninacho. Nilisimama mbele yao nikadanganya.

Jumatano, 7 Mei
Nimepigia ofisi ya majengo ya kale, Lamu. Mkaguzi wao, Bi Huwaida, atakuja Jumamosi. Mpaka afike tusiguse kitu, tusiweke hata nguzo ya kuegemeza ukuta. Na anataka jina la aliyepaka simiti – ni kosa la kortini. Nikasema network inakatika. Haikuwa inakatika!

Ee Mungu. Mwalimu mwenye kesi nani atamwacha kazini? Na wanangu wawili kule Kapsabet, wanaosoma kwa mshahara huu?

Alhamisi, 8 Mei
Kidaka kimoja kimeanguka. Famau aliokota vipande, akavifunga ndani ya kikoi, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Sijala tangu asubuhi.

Jumamosi, 10 Mei
Niko kwenye benchi, nje ya kanisa. Naandika haya yakitokea.

Bi Huwaida yuko hapo mlangoni na Mzee Jabez, mwinjilisti wetu. Asubuhi Mzee alikuja kwangu. Atasema ni yeye aliyepaka simiti. “Mimi nimeshazeeka, binti yangu. Watanifanya nini? Wewe una watoto.”

Nikamwambia asante. Asante! Ndilo neno nililolipata.

Nawasikia. Bi Huwaida anauliza simiti aliichanganyaje, alipanda kwa ngazi gani. Mzee anababaika. Miaka sita iliyopita alikuwa tayari anatembea kwa mkongojo, kijiji kizima kinajua. Bi Huwaida anaandika tu. Kisha anamwambia, kwa upole, kwamba akitia sahihi hapo kesi ni yake. Je, ameelewa?

Ameelewa, anasema.

Mlio ndani – jiwe jingine. Famau ameinuka hapa kando yangu, anaomba ruhusa aegemeze ukuta angalau kwa boriti moja. Bi Huwaida anasema kwanza sahihi.

Mzee ameshika kalamu. Inamteleza. Ameiokota.

Nimepiga kelele, “Mzee, usitie!” Wote wamegeuka. Bi Huwaida ananiuliza kwa nini asitie. Nafunga daftari hili, niende nikamwambie ni mimi niliyepaka –