Mbali na Matarajio

Riruta, Nairobi
Jumapili, 13 Julai 2025

Kwa dada yangu Kamene,

Mlio wa kiti cha chuma kikiburutwa kwenye sakafu ya saruji haujanitoka masikioni tangu Machi. Nitakueleza, ila kwanza, hamjambo huko nyumbani Wote? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili.

Uliponipigia simu Januari kunipongeza kwa kupewa somo la hisia nilifundishe shuleni, ulicheka ukasema kazi yangu sasa ni kuwauliza watoto wameamkaje. Hukukosea. Kila Jumatatu darasa la sita huketi duara, na kila mtoto hutaja hisia aliyoamka nayo. Nililipenda duara lile kuliko chochote nilichosomea chuoni.

Kuna msichana anaitwa Anita, wa miaka kumi na mmoja. Mamake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Uarabuni, naye Anita akiishi na shangazi yake, Hannah, anayeuza nguo sokoni Kangemi. Mwezi wa Machi simu za mamake zilikoma. Jumatatu moja, zamu ya Anita ilipofika, alisimama, akaburuta kiti chake hadi ukutani, akatupa kisogo na kulia. Mwau, mvulana ambaye hakosi neno, akasema, "Ticha, mwache, ameenda Uarabuni kutafuta mamake." Darasa likacheka. Mimi nilimwambia Anita arudishe kiti tuendelee.

Muhula ulipokwisha, mwalimu mkuu, Madam Waithera, alitaka duara litiwe alama kama hesabu, ili wazazi waione kazi yetu. Fomu ya alama hizo niliitunga mwenyewe, tena kwa fahari. Kwenye kipengele cha kudhibiti hisia nilimwandikia Anita alama ya chini kabisa: mbali na matarajio.

Siku ya kufungua shule Hannah alikuja na ripoti mkononi. Alisema mtoto amefaulu kila kitu, ni kulia tu kumemwangusha, na kwamba ameshaongea naye, hatarudia. Kweli hakurudia. Kila Jumatatu Anita alitabasamu akasema ameamka na furaha. Mwezi wa Juni nilimpandisha hadi alama ya juu kabisa, kuzidisha matarajio, na Madam Waithera akamchagua azungumze mbele ya wageni katika ukumbi mmoja huko mjini, aeleze jinsi duara lilivyomsaidia.

Sasa nikwambie nililomficha kila mtu. Siku tatu kabla ya hafla hiyo, Hannah alinipigia simu. Mamake Anita alikuwa amefariki hukohuko, kwa maradhi, na mtoto alishaambiwa. Asubuhi iliyofuata Anita alinikuta peke yangu katika ofisi ya walimu. Akaniuliza, "Ticha, nikilia nitashuka?" Nilikuwa nimeshika hotuba yake. Nilimwambia avumilie, wageni waende kwanza.

Alizungumza vizuri, Kamene. Walisimama kumpigia makofi.

Wiki iliyofuata nilimwita, nikamwambia hakuna alama tena, alie atakavyo, nami nitakaa naye. Alinitazama kama mtoto anayetafuta jibu ambalo mwalimu analitaka. Kisha akatabasamu, akasema yuko sawa.

Msalimie Mama na watoto wako wote. Haya yote Mama umwambie polepole, maana yeye ndiye aliyewatangazia watu kanisani kwamba bintiye anatibu mioyo ya watoto. Ijumaa nilikwenda Kangemi nikamweleza Hannah yote. Alinisikiliza akikunja nguo zake, hakuniambia niketi. Kutoka hapo nilirudi shuleni nikampa Madam Waithera barua ya kuacha kazi, na ndani yake nimeandika nilichomfanyia Anita, kwa jina langu. Nakala yangu imeshapigwa mhuri wa kupokelewa, kwa hiyo usinipigie simu kunisihi.

Mdogo wako,
Munyiva