Kurasa Kama Kumbikumbi

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, 1 Septemba 2002

Dada yangu Kalunde,

Leo ni miaka mitatu na miezi minne tangu nipande treni pale Tabora, nikiwa na karanga ulizonifungia kwenye kipande cha khanga. Karanga ziliisha kabla ya Dodoma, khanga bado ninayo. Shikamoo, dada. Hamjambo wewe na watoto? Lile jicho la kushoto limeacha kutoa machozi? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na habari ya mgongo ndiyo nataka kuanza nayo, maana nimekuficha.

Sibebi mizigo tena. Mwezi wa tatu robota la mitumba liliniponyoka ngazini, nikalizuia kwa kiuno. Nilikuandikia kuwa ni homa. Nilikudanganya. Nililala siku tisa chumbani kwangu kule Jangwani, nikiwasikia wenzangu wakiondoka alfajiri, nikawaza ulivyokuwa ukinikanda kwa maji ya moto nilipoanguka kwenye mwembe wa mjomba. Nilijua ukipata habari utaniambia nirudi, nami ningerudi mikono mitupu.

Bwana Kishor, mwenye duka la vitambaa, hakunifukuza. Ghorofani, juu ya duka, binti yake Hansa ameweka kompyuta nne. Watu wanalipa, wanasoma na kuandika barua humo humo, na barua inafika Maskati kabla chai haijapoa. Nikawekwa huko nifagie na kuelekeza wateja. Ila bosi alinionya mapema kwamba nikiharibu mashine narudi stoo. Na stoo ni marobota, dada. Kwa mgongo huu nisingemaliza hata wiki.

Sasa sikiliza. Hansa alitengeneza ukurasa wa mwanzo wenye maelekezo ya Kiswahili: bonyeza hapa kusoma, bonyeza hapa kuandika. Lakini mteja akibonyeza, ukurasa wa barua unakuja na maelekezo yanaondoka, na mimi naitwa kutwa nzima kuulizwa yamekwenda wapi. Hansa akanifundisha mstari mmoja wa lugha ya kompyuta inayoitwa JavaScript. Unaandika window.open, kisha kwenye mabano unataja ukurasa unaoutaka. Mashine inaufungua kwenye dirisha lake, na ule wa kwanza unabaki ulipo, nyuma yake. Niliandika kwa vidole viwili, mimi niliyeishia darasa la tano. Nikabonyeza, ukafunguka. Nilikukumbuka siku ile uliponishika mkono nikaandika jina langu kwenye vumbi mbele ya jiko, halafu kuku wakalikanyaga, nikalia, ukaniambia niandike jingine.

Kichwa kikanivimba. Nikafikiri, mteja akiyafunga maelekezo kwa bahati mbaya, si afadhali yawepo ya akiba? Ijumaa moja jioni, Hansa ameshaondoka, nikauandika ule mstari juu kabisa ya ukurasa wa maelekezo, ufanye kazi wenyewe bila kubonyezwa, na kwenye mabano nikataja ukurasa ule ule. Nilitaka nakala moja tu. Sikuwaza kwamba nakala nayo ina mstari ule ule ndani yake, na itafungua nakala yake, na hiyo yake.

Jumamosi asubuhi mteja wa kwanza alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Msimbazi ambaye mwanawe yuko Maskati. Nikamfungulia ukurasa. Ukatokea mmoja, wa pili, wa tano, zikawa zinapandana. Nikadhani mashine ile ni mbovu, nikamhamishia ya pili. Nayo ikaanza. Nikafunga kurasa kwa pupa, nafunga moja zinakuja tatu. Bi Zuhura akajisogeza nyuma na mkoba wake. "Maganga mwanangu, hii mashine imekula nini?"

Mlangoni akasimama Saidi, niliyekuwa nikibeba naye, ana robota begani, jasho linamtoka, anacheka. "Rudi kwetu, mjomba. Robota halizai."

Bosi akapanda ngazi. Akazitazama zile mashine mbili, kisha akamtazama Bi Zuhura, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitini. "Mama, umebonyeza nini?" Yule mama akaanza kuapa kwamba hajagusa kitu. Dada, ningeweza kunyamaza. Kuna maradhi ya kompyuta wanayaita virusi, kila mtu angeamini. Lakini nilimwona amekaa kama mama yetu alivyokaa siku ile ofisi ya tumbaku alipoambiwa amelowesha mzigo makusudi ili uzidi uzito.

"Ni mimi, bosi," nikasema. "Niliandika kitu jana."

"Basi kiondoe."

Nikarudi kufunga kurasa, zikanizidi. Hapo ndipo nilipokusikia, kama uko nyuma yangu. Unakumbuka mvua ya kwanza, mimi nakimbia uwanja mzima nadaka kumbikumbi mmoja mmoja, na wewe umechuchumaa kwenye kichuguu cha nyuma ya jiko na chungu chako? "Acha kufukuza walioruka, Maganga. Njoo kwenye tundu."

Nikakiacha kipanya, kile kidude cha kubonyezea. Nikazima mashine zote mbili, nikaziwasha, sikuufungua ule ukurasa kama mteja, niliufungua kule unakoandikiwa, nikaufuta mstari wangu. Kisha nikaufungua. Ukaja mmoja, ukatulia. Bi Zuhura akasema Alhamdulillahi, akavuta kiti.

Bosi akazikagua mashine zote nne, nami nikaanza kuihesabu ngazi ya kwenda stoo. "Stoo huendi," akasema mwishowe. "Ila ukijifunza, jifunze mbele ya Hansa, si mbele ya wateja wangu." Hansa alipofika akacheka mpaka akajifuta machozi. Siku hizi ananikalisha nusu saa kabla hatujafungua.

Basi mgongo unapona polepole, na sina cha kukuficha tena. Msalimie shemeji, mwambie baiskeli yake naikumbuka kuliko yeye. Mpe shikamoo zangu mama mdogo msuka mikeka, na mjomba mwenye mwembe. Ukienda kupalilia kaburi la mama, mwambie nimejua kuandika zaidi ya jina.

Nimeomba ruhusa, nimepewa wiki mbili za Novemba. Nitashuka Tabora mvua za kwanza zikianza. Zikinitangulia, nakuomba kitu kimoja: kichuguu cha nyuma ya jiko usikivune mpaka nifike, na chungu nishike mimi.

Mdogo wako,
Maganga