Supu ya Boga kwa Maman Marcelline

Bagira, 2 oktoba 2023

Carine mutoto wangu,
Jambo sana. Baridi ya Liège huko ng'ambo haijakuumiza? Siye tuko wazima, magoti ya papa yako tu ndiyo yanalia, mvua imeanza.
Ikaa kwanza, nikuambie: familia ya Patrice wanakuja siku ya samedi, tarehe kumi na ine, kumuposa mudogo wako Carmel! Lakini mama ya Patrice, Maman Marcelline, hakuli nyama wala samaki. Papa yako anataka kuchinja mbuzi: "Mugeni gani anatoka kwangu mimi Mugisho bila nyama?" Wewe unapika mu restaurant huko. Nisaidie!
Mama yako, Clémence

Liège, 4 oktoba

Maman wangu mupenzi,
Jambo! Niko muzima, niko naruka peke yangu jikoni! Carmel anaolewa!
Huku majani ya miti yanaanguka, na majira haya kila mutu anataka supu ya boga. Kaanga puaro, ile mboga kama kitunguu kirefu cha majani, na kitunguu mu mafuta, moto mudogo, vilainike bila kuungua. Tia boga, karoti na viazi, maji ya kufunika tu. Vikiiva, saga, halafu tia krema ya maziwa. Vile vidonge vya ladha ya kuku usitie, hata kimoja!
Mutoto wako, Carine

Bagira, 9 oktoba

Carine, jambo. Uko muzuri?
Nimejaribu! Courant ya umeme ilikatika, nikasaga mu kinu, nikachuja. Rangi iko kama jua! Lakini krema nilikosa hata mu soko ya Kadutu. Nikatia maziwa, yakakatika vipande vipande. Papa yako akachungulia: "Ndiyo hii utapea wakwe?" Siku tano tu zimebaki!
Mama yako

Liège, 9 oktoba

Maman, tia karanga! Zisage laini, zikoroge na supu kidogo pembeni, halafu mimina zote mu chungu. Unijibu upesi.
Mutoto wako

Bagira, 15 oktoba

Carine wangu, jambo mara kumi!
Unisamehe kunyamaza. Nilikuwa nimemuambia papa yako: "Mbuzi hapana. Wote tutakula chungu kimoja." Alinuna siku tatu.
Walikuja watu kumi na wawili, mvua inapiga mabati. Nikawagawia wote supu ya boga na karanga, lakini Maman Marcelline hakugusa kijiko. Akauliza polepole:
"Yangu iko wapi?"
"Iko mbele yako, maman," nikamujibu. "Hakuna chungu kingine."
Akatazama sahani ya papa yako, ya Patrice, ya kila mutu.
"Kila mahali wananiwekea changu pembeni kama mugonjwa," akasema. "Miaka kumi na moja sijakula kitu kimoja na watoto wangu."
Akakula, machozi yanashuka. Akaongeza mara mbili! Papa yako ndiye alikwangua chungu. Ndoa iko thelathini desemba.
Mama yako mwenye furaha

Liège, 15 oktoba

Maman, nililia mbele ya patron wa restaurant. Akauliza nani amekufa. Nikamuambia: "Hakuna! Mudogo wangu anaolewa!" Amenipa likizo ya wiki mbili mu desemba.
Miaka sita sijafika nyumbani, maman. Ninakuja.
Mutoto wako, Carine