Vitu vya Jirani Kwanza

Shauri Moyo, Nairobi
Machi, 1984

Kwa kaka yangu Naftaly,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Huko Nyahururu hamjambo? Na mama, bado mguu unamsumbua wakati wa baridi? Sisi huku ni wazima wa mwili, lakini moyoni si shwari, ndiyo maana leo nimeshika kalamu, mimi ambaye kila siku unanilaumu kwa uvivu wa kuandika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitandaza bidhaa kando ya barabara, tukiishi kwa kuliogopa lile lori la askari wa jiji la kubomoa na kunyang'anya. Wewe na Mzee Jimale, muuza nguo na viatu, ndio mliotunga ile sheria yetu: filimbi ya kuonya kwamba lori linakuja ikilia, mtu asiguse vyake, abebe vya jirani yake, na jirani abebe vyake. Mlisema hivyo hakuna atakayekimbia na kumwacha mwenzake. Watu walicheka, halafu wakazoea. Mimi nilikuwa nikitimua mbio na mabunda ya Jimale kichwani, naye mzee wa watu anahema nyuma yangu na cherehani yangu ya mkono begani. Tukifika kule nyuma ya ukuta wa kanisa tulicheka mpaka machozi. Mkewe Anab alitupikia chai, na wanangu walilala kwake kama kwao.

Basi, ulipokwisha kuondoka tulipewa vibali, tukajenga vibanda vya mbao. Lori halikuja tena. Ungedhani tungezidi kupendana. Wapi. Mara huyu kasogeza meza, mara yule kamwita mteja wa mwenzake. Kila mtu akanunua kufuli lake. Mimi na Jimale tuligombana kwa ajili ya viatu alivyotundika mbele ya mlango wangu, nikapigilia mabati katikati yetu, tukawa tunasalimiana kwa kichwa tu. Na yale maneno ya mtaani juu ya Wasomali, ambayo wewe ulikuwa ukiyakemea, nikaanza kuyasikiliza. Nakwambia kweli, kaka, nililikumbuka lile lori kwa hamu, na niliona haya kulikumbuka.

Juma lililopita mchana nilifunga kibanda nikaenda kula. Nikiwa huko moto ukazuka kwa mafundi wa kuchomelea, na upepo ukausukuma upande wetu. Niliposikia kelele nilikimbia, nikakuta kufuli langu limevunjwa na ndani ni patupu. Cherehani hakuna, vitambaa hakuna, hata sare za shule nilizokuwa nimeshonea watu hazipo. Pembeni, mlango wa Jimale uko wazi, bidhaa zake zimejaa tele, na mwenyewe haonekani.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Nilisimama mbele ya vitu vyake, mikono yangu ikiwa mitupu, na moto haujafika. Badala ya kuingia nikapiga ukunga kwamba Jimale ameniibia. Wanaume waliokuwa na ndoo za maji wakaziweka chini, tukaondoka kumsaka.

Tulimkuta nyuma ya ukuta wa kanisa, mahali petu pa zamani. Cherehani yangu ameiweka juu ya turubai, sare amezikunja vizuri, mikono yake imechubuka kwa kuvunja lile kufuli. Kijana mmoja alikwisha kumkamata ukosi. Jimale hata hakumtazama. Aliniangalia mimi, akaniuliza kwa upole vitu vyake nimeviweka wapi.

Tuliporudi, paa lake lilikuwa limeanguka.

Nilimwomba msamaha mbele ya watu, naye akasema yamekwisha. Lakini Anab haitikii salamu yangu, na mwisho wa mwezi wanahamia Garissa kwa ndugu zao. Nakusihi, kaka, njoo kabla hawajaondoka. Wewe Mzee Jimale atakusikiliza. Cherehani ni nzima, nilimpelekea aiuze, akairudisha mlangoni kwangu. Tangu hapo sijashona hata kifungo.

Msalimie mama, umwambie nguo yake itachelewa. Wasalimie shemeji na watoto, na yeyote atakayeuliza habari zangu.

Ni mimi dada yako,
Wacera