Mizani Chini ya Zulia la Bafuni

Wanangu na baba yenu,

Chakula kiko kwenye sufuria, mkipashe moto. Mashuka yaanueni mapema, mawingu ya leo siyaamini.

Wala nyinyi siwaamini. Nani ameficha ile mizani inayotuma kilo kwenye simu chini ya zulia la bafuni? Asubuhi natoka kuoga, nakanyaga, zulia linalia pii! Kumbe ndiyo maana jana yule daktari mliyenipeleka, wa kupasua watu wapungue unene, alinitajia kilo zangu mpaka gramu, na mimi sijafungua mdomo.

Baba yenu naye, miaka thelathini na mitano hajanisifia, wiki hii kila siku, “Mke wangu, umependeza.” Mna lenu nyinyi.

~~Sipasuliwi ng'o! Kapasuliweni nyinyi.~~

Nimekwenda kwa daktari peke yangu. Nataka anieleze mwenyewe, mtu wa miaka sitini na mitatu akilazwa pale mezani, huwa anaamka? Mizani nimeibeba, ni ushahidi.

Kilo zangu mmezijua wote. Kama naogopa, hakuna aliyeuliza.

Mama yenu, mwenye tumbo lake