Mlango wa Kupitisha Kitanda

Jumamosi, 12 Oktoba 1974

Baba Zuhura,

Mlango wa zahanati yetu mpya umetiwa leo, na maelezo yake kwa fundi niliyaandika mimi.

Kwanza kamati ya ujenzi iliniambia niandike "mlango mkubwa" tu. Fundi Hamisi wa Kanyenye akasoma, akacheka. "Mama Zuhura, mkubwa kwa nani? Kwangu au kwa tembo?"

Nikakumbuka tulivyokupeleka ile zahanati ya zamani. Kitanda tulichokubebea hakikupita mlangoni. Wabebaji wakakiinamisha, ukagumia kwa maumivu, ukanishika mkono. Basi nikaandika upya: "Mlango upitishe kitanda cha kamba chenye mgonjwa, watu wanne wakikibeba, bila kukiinamisha."

Leo Hamisi alijilaza kitandani mwenyewe ili tuujaribu. "Nibebeni, lakini msipitilize makaburini!" Akapita amenyooka kabisa, na kina mama wakapiga vigelegele.

Mwenyekiti anataka sasa maelezo ya kisima niyaandike mimi pia. Naogopa kidogo, kisima sikijui. Lakini nitawauliza wanaochota maji.

Nimejivunia kazi yangu leo, mume wangu. Laiti ungalikuwa hai...

Mimi nitakukumbuka kila nipitapo mlango ule. Nawe unikumbuke.